Msamaha wa Ada ya Maombi katika Vyuo Vikuu vya Marekani: Tathmini ya Huduma kwa Mwombaji wa Afrika Mashariki

Huduma ninayoitathmini hapa haina bei, kwa kuwa kazi yake yenyewe ni kuondoa bei. Vyuo vikuu vingi vya Marekani vinavyopokea waombaji wa shahada ya umahiri au ya uzamivu, yaani masomo ya uzamili kwa jumla, hutoza ada ya maombi, na vingi kati ya hivyo vimeweka utaratibu ambao mwombaji asiye na uwezo anaweza kuufuata ili asamehewe ada hiyo. Nimeutumia utaratibu huo nilipokuwa nikiomba nafasi mwenyewe, na baadaye nimekaa kando ya wahitimu kadhaa wa vyuo vyetu vya Dar es Salaam na Morogoro walipokuwa wakihangaika nao. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mwombaji anayetoka kwetu, huduma hii ni nzuri inaposhikwa na idara, ni ya wastani inapoachiwa mfumo wa kompyuta, na ni dhaifu sana inaposhikwa na ofisi kuu ya masomo ya uzamili ambayo imekwisha kuufunga mlango wake kwa kigezo cha uraia.

Kwanza ni vyema msomaji aone ni kiasi gani cha fedha kinachozungumzwa. Harvard hutoza dola 105 kwa ombi moja la shahada za uzamivu katika sayansi na sanaa, Stanford hutoza dola 125, na Berkeley hutoza dola 155 kwa mwombaji wa kigeni ilhali Mmarekani hulipa dola 135 kwa ombi lile lile. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma nchini Tanzania kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kwa hiyo ombi moja la Harvard linakula takriban nusu ya mshahara huo hata baada ya nyongeza. Hakuna mshauri mwenye busara atakayemwambia mwombaji wa uzamivu apeleke ombi moja tu na kukaa kusubiri, kwa sababu nafasi zenye ufadhili kamili ni chache na ushindani wake ni wa dunia nzima. Anayeomba vyuo vinane bila msamaha wowote anaweza kutumia mtaji wa duka dogo kabla hajajua kama kuna mtu aliyelisoma ombi lake, na ada hizo hazirudishwi hata ombi likikataliwa.

Kuna pia kikwazo cha namna ya kulipa, ambacho Wamarekani wenyewe hawakitambui. Mifumo ya vyuo hivyo hutaka kadi ya Visa, Mastercard au nyingine inayokubalika kimataifa. Kwa miaka mingi mhitimu wa kwetu alilazimika kumtafuta mjomba au bosi mwenye kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya nje. Kadi za Visa za mtandaoni zinazounganishwa na M-Pesa zimepunguza aibu hiyo, lakini hazipunguzi ada yenyewe.

Nianze na fomu zilizomo ndani ya mfumo wa maombi, kwa kuwa ndizo mwombaji anazokutana nazo kwanza. Fomu iliyonipendeza kuliko zote ni ya Harvard, chini ya shule yake ya uzamili iitwayo Griffin. Mwombaji anapofika kwenye sehemu ya ada hujibu maswali machache kuhusu hali yake, na mfumo humpa jibu papo hapo kama anastahili msamaha au la. Hakuna barua ya kubembeleza, hakuna kusubiri, na hakuna mtu wa kumtazama usoni na kumpima umaskini. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini vyuo vingine vyenye hazina kubwa haviigi utaratibu huu, na sijapata jibu linaloniridhisha, kwa sababu gharama ya kuwachambua kwa mkono waombaji wanaoomba kusamehewa dola 100 bila shaka haiko mbali na dola 100 zenyewe.

Fomu za vyuo vingine vingi zimeandikwa kwa kumfikiria Mmarekani peke yake. Zinauliza kama mwombaji aliwahi kupata ruzuku ya Pell, ambayo serikali ya Marekani huwapa wanafunzi wenye kipato kidogo, zinataka nakala ya FAFSA, ambayo ni fomu ya serikali ya Marekani ya kuombea msaada wa masomo, au zinaomba hati ya mapato ambayo mwajiri wa Marekani humpa mfanyakazi wake kila mwaka. Mwombaji wa Singida au Kisumu hana hata kimoja kati ya hivyo, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani kwamba hawastahili. Ushauri wangu ni kwamba pale fomu inaporuhusu kupakia nyaraka nyingine, ziwekwe nyaraka zetu bila kuona haya. Barua ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inayoonyesha kwamba mwombaji alisomeshwa shahada ya kwanza kwa mkopo ni ushahidi mzito wa uhitaji, na Mkenya anaweza kutumia barua ya HELB, bodi ya mikopo ya kwao, kwa namna hiyo hiyo. Hati ya mshahara ya mwezi mmoja nayo inasema mengi, mradi mwombaji aandike pembeni thamani yake kwa dola. Barua ya mtendaji wa mtaa yenye mhuri inafaa ikiwa imeambatana na tafsiri ya Kiingereza na ikiwa imetaja jambo mahususi, kama vile idadi ya wanaomtegemea mwombaji. Barua inayosema tu kwamba fulani ni mkazi mwema na mtiifu haimsaidii afisa wa Ohio kuamua lolote.

Sasa nije kwenye milango iliyofungwa. Berkeley inaeleza wazi kwamba msamaha wake wa ada ya maombi ya uzamili ni kwa raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu, na mwombaji wa kigeni hana njia ya kuuomba. Muungano wa vyuo vikuu uitwao Big Ten Academic Alliance, unaojumuisha vyuo kama Michigan, Purdue na Wisconsin, una huduma yake iitwayo FreeApp ambayo huwaondolea ada waombaji wa uzamivu, lakini nayo imejengwa kwa ajili ya waombaji wa Marekani. Orodha nyingi za misamaha pia hutaja wanafunzi wa mpango wa McNair, uliopewa jina la mwanaanga Ronald McNair aliyefariki katika ajali ya chombo cha Challenger mwaka 1986. Huo ni mpango wa serikali yao wa kuwaandaa kwa masomo ya uzamivu hasa Wamarekani waliotoka katika familia zenye kipato kidogo na zisizo na historia ya elimu ya juu. Siwezi kuwalaumu kwa kuwasaidia watoto wao. Ninachokilaumu ni mpangilio wa kurasa zao, ambazo huanza kwa maneno ya ukarimu kwamba ada isiwe kikwazo kwa yeyote, zikafuata aya kadhaa za maelezo, kisha sharti la uraia likawekwa chini kabisa ambako mwombaji hulifikia akiwa amekwisha kukusanya nyaraka. Mwenye kuzipitia kurasa hizo aanze kusoma kutoka chini.

Vipo vyuo vinavyotumia nchi ya mwombaji kama kigezo, na hapa majirani wa Afrika Mashariki hujikuta kwenye mafungu tofauti kwa namna inayoweza kushangaza. Orodha zinazotumika mara nyingi ni mbili. Ya kwanza ni ile ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, ambayo inazijumuisha Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini haimo Kenya. Ya pili ni ya Benki ya Dunia ya nchi za kipato cha chini, ambayo Tanzania ilitoka Julai 2020 ilipopandishwa hadi kipato cha kati cha chini. Kwa hiyo Mtanzania anaweza kustahili katika chuo kinachofuata orodha ya kwanza na kukataliwa katika chuo kinachofuata ya pili, Mrundi akakubaliwa kote, na Mkenya akakosa kote ingawa huenda nyumba yao haina tofauti yoyote. Oxford nchini Uingereza ni mfano wa chuo kinachotoa msamaha kwa waombaji wa nchi za kipato cha chini, na Mtanzania anayekumbuka kwamba kaka yake alisamehewa miaka kadhaa iliyopita asidhani kwamba naye atasamehewa. Ni lazima asome orodha ya mwaka wake.

Baada ya milango hiyo yote, mlango uliotufaa zaidi ni wa idara yenyewe, nao hautangazwi sana. Katika vyuo vingi idara ina uwezo wa kumlipia mwombaji ada kutoka katika bajeti yake au kuiomba ofisi kuu imfutie, hata pale ambapo ofisi hiyo imesema kwamba wageni hawasamehewi. Idara hufanya hivyo kwa maslahi yake, kwa sababu inataka kuliona ombi la mtu mwenye alama nzuri badala ya kumpoteza kwa sababu ya dola 90. Kwa hiyo anayeiandikia idara aelewe kwamba haombi sadaka tu. Anaonyesha pia kwamba ombi lake linastahili kusomwa. Barua ya mwombaji aliyeeleza shida zake kwa kurasa mbili bila kutaja alama zake wala anachotaka kukitafiti huishia kupewa jibu la adabu lenye anwani ya ofisi kuu.

Mtu wa kuandikiwa ni mratibu wa masomo ya uzamili wa idara, ambaye mara nyingi si profesa bali ni mtumishi wa utawala anayezijua taratibu zote na ambaye jina lake huwa limewekwa kwenye tovuti ya idara. Uzoefu wangu na watu hawa ni mzuri mno. Hujibu kwa upole, husema ukweli hata pale jibu ni hapana, na wengine humwelekeza mwombaji kwenye njia ambayo haimo katika ukurasa wowote. Profesa anaweza kuandikiwa pia kama tayari kuna mazungumzo ya utafiti kati yake na mwombaji, na neno lake kwa mratibu lina uzito, lakini kumwandikia profesa usiyemjua barua ya kwanza kabisa ukimwomba msamaha wa ada ni kuupoteza mlango uliokuwa na kazi kubwa zaidi.

Kuhusu namna ya kuandika, inabidi tuachane na desturi yetu ya barua za kiofisi. Sisi tumefundishwa kuanza kwa kumtaka mhusika ahusike na kichwa cha habari tajwa hapo juu, tukaendelea kwa kujitambulisha, kumtakia afya njema yeye na wafanyakazi wenzake, na kumwomba radhi kwa usumbufu kabla ya kusema tunachokitaka. Mratibu anayepokea barua nyingi kwa siku katika msimu wa maombi huihitaji haja yenyewe katika sentensi ya kwanza au ya pili. Barua iliyofanikiwa zaidi kati ya nilizoziona ilikuwa na aya tatu fupi. Katika ya kwanza mwombaji alitaja programu anayoiomba, muhula wa kuanza na namba yake ya ombi, kisha akauliza kama idara ina njia ya kumsamehe ada. Katika ya pili alitaja shahada yake, daraja alilopata, kazi ya utafiti aliyoifanya kuhusu magonjwa ya mihogo na jina la maabara ya idara hiyo ambayo angependa kujiunga nayo. Katika ya tatu alieleza kwa sentensi moja kwamba mshahara wake wa mwezi ni kiasi fulani cha dola na kwamba ada hiyo ni sehemu kubwa ya mshahara huo, akaambatisha wasifu wake na barua ya Bodi ya Mikopo. Jibu lilikuja likiwa na msimbo wa kuingiza kwenye ukurasa wa malipo.

Njia nyingine inayofaa ni mikutano ya mtandaoni ambayo idara na ofisi za uandikishaji huifanya kati ya Septemba na Novemba kwa waombaji watarajiwa. Baadhi yao huwapa waliohudhuria msamaha wa ada bila kuuliza uraia wala mapato. Mikutano hiyo kwa kawaida huanguka usiku kwetu, na anayetegemea vifurushi vya intaneti atapima mwenyewe kama saa moja ya picha na sauti ina thamani ya ada anayotarajia kuokoa. Kwa maoni yangu inayo, tena mwombaji hupata huko taarifa za ufadhili ambazo zingemgharimu barua nyingi.

Mahali ambapo huduma hii inaangusha watu wengi ni kwenye muda. Tarehe za mwisho za programu nyingi za uzamivu ni kati ya tarehe 1 na 15 Desemba, lakini maombi ya msamaha mara nyingi hutakiwa siku kadhaa au wiki kabla ya hapo, na baadhi ya mifumo hairuhusu kuomba msamaha mpaka sehemu nyingine zote za ombi ziwe zimejazwa. Ongeza hapo sikukuu yao ya Shukrani, inayoangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, ambapo ofisi hufungwa hiyo Alhamisi na nyingi hazifunguki mpaka Jumatatu. Anayeandika Jumatano jioni kwa ombi la tarehe 1 Desemba anaiandikia ofisi tupu. Hata katika siku za kawaida, ofisi ya Boston inapofunguliwa saa tatu asubuhi ya kwao, kwetu ni saa kumi na moja jioni, na ya California inapofunguliwa kwetu ni saa mbili usiku, kwa hiyo swali na jibu moja hula siku nzima. Chuo kimoja ambacho sitakitaja kilimjibu kijana niliyekuwa nikimsaidia kwamba msamaha wake umekubaliwa, lakini ukurasa wa malipo ukaendelea kudai fedha, na marekebisho yakafanywa baada ya tarehe ya mwisho kupita. Idara ililipokea ombi hilo kwa huruma yake, ingawa utaratibu ulioandikwa haukuwa na nafasi ya huruma hiyo. Tangu hapo huwa nasisitiza kwamba msamaha haujapatikana mpaka kiasi kinachodaiwa kisomeke sifuri kwenye skrini, na kwamba nakala ya skrini hiyo ihifadhiwe.

Kwa upande mwingine, saa hizo hizo humpa mwombaji wa kwetu faida ndogo. Tarehe ya mwisho ya usiku wa manane kwa saa za mashariki ya Marekani hufika kwetu karibu na saa mbili asubuhi ya siku inayofuata, na ya California hukaribia saa tano asubuhi. Anayelazimika kumalizia dakika za mwisho anaweza kuamka alfajiri akamalizia kwa utulivu. Asilipe tu kwa hofu, kwa sababu akishalipa ombi la msamaha halisikilizwi tena na fedha haitarudi.

Kwa wanaotaka msaada wa ana kwa ana, mtandao wa EducationUSA, ulio chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hutoa ushauri bure kupitia balozi zao, na una mpango wa Opportunity Funds uliobuniwa kuwalipia wanafunzi wachache wenye uwezo mkubwa wa kitaaluma na kipato kidogo gharama za awali kama mitihani, ada za maombi na viza. Anayeomba Fulbright, ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, naye hatozwi ada ya kuomba ufadhili huo. Hao ndio washauri ninaowaamini. Mawakala wa mitaani wanaodai malipo ili wamtafutie mwombaji msamaha wa ada wanauza kitu ambacho mratibu wa idara hukitoa bure kwa barua ya aya tatu, na wengine huwataka waombaji wawakabidhi nywila za akaunti zao za maombi, jambo ambalo halipaswi kukubaliwa kwa hali yoyote.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama kuomba msamaha kunamharibia mtu nafasi yake. Sijaona dalili ya hilo. Suala la ada kwa kawaida hushughulikiwa na ofisi ya uandikishaji au mratibu, ilhali uamuzi wa kumpokea mwombaji hufanywa na kamati ya maprofesa inayosoma insha, alama na barua za wadhamini. Isitoshe, katika programu nyingi za uzamivu za sayansi idara yenyewe ndiyo itakayomlipia mwanafunzi karo na posho kwa miaka yote ya masomo, kwa hiyo umaskini wake wa leo si hoja dhidi yake. Kwa shahada za umahiri ambazo mwanafunzi hujilipia hali ni tofauti kidogo: anayesamehewa dola 80 bado atatakiwa kuonyesha maelfu ya dola benki kabla ya kupewa hati ya kuombea viza, na ni heri alifikirie hilo kabla ya kuomba msamaha wowote.

Msamaha wa ada haugusi mitihani. Mtihani wa GRE, ambao hupima uwezo wa waombaji wa masomo ya uzamili, unagharimu dola 220, na punguzo lake la bei halikukusudiwa kwa watahiniwa walio nje ya Marekani, ingawa matokeo yanaweza kupelekwa bure kwa vyuo vinne vinavyotajwa siku ya mtihani. Nafuu iliyopo ni kwamba idara nyingi zimeacha kuudai tangu mwaka 2020, na baadhi huwaondolea mtihani wa Kiingereza waliosoma shahada ya kwanza kwa lugha hiyo, mradi chuo chao kithibitishe kwa barua. Swali hilo liulizwe katika barua ile ile inayoomba msamaha wa ada, na barua ya uthibitisho iombwe kwa msajili mapema, kabla ofisi yake haijazidiwa na maandalizi ya mahafali ya Novemba.